Masaibu ya Kumtambua Kambare wa Deraya

Mtu afugaye mbuzi ana raha ambayo aghalabu mwenyewe haijui, nayo ni kwamba mgeni akiingia uani hamuulizi mbuzi yule ni wa nasaba gani, wala ni nani aliyekuwa wa kwanza kumwandika vitabuni. Humtazama, humsifu kwa unene wake, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga. Mfugaji wa samaki wa mapambo hana fadhila hiyo. Na samaki wenyewe wakiwa ni wale kambare wadogo wenye deraya, watokao katika mito ya Amerika ya Kusini, basi na ajiandae kuulizwa jina lao na kila apigaye hodi, tangu mleta barua hadi mkwewe, na ajiandae vilevile kukosa jibu litakalodumu hadi mgeni amalize chai yake.

Kambare hao wataalamu wamewaita Corydoras, na umbo lao linastahili kuelezwa kwa taratibu. Yule ninayemkusudia hapa urefu wake haupiti sana sentimita 6. Hana magamba kama samaki wengine, bali kila ubavu wake umefunikwa na safu mbili za mabamba ya mfupa, moja juu na moja chini, yaliyopandana kwa utaratibu usio na kasoro. Kinywani ana sharubu ambazo kwazo huupekua mchanga kutwa kucha akitafuta riziki. Na macho yake huweza kuyainamisha kwa ghafula, hata mtazamaji akadhani amekonyezwa. Aina zao zilizokwisha kuandikwa zinazidi 160, na nyingi katika hizo zimegawana madoa na mistari ileile kwa ukarimu mkubwa. Sita miongoni mwao wanaishi nasi katika tangi la kioo sebuleni, katika mji mmoja wa Uingereza, mbali na mito yao na mbali pia na pwani yetu.

Duka tulikowanunua lilikuwa limebandika karatasi iliyosema kwamba wao ni Corydoras julii. Huyo julii yupo kwa yakini: alielezwa mwaka 1906 na Franz Steindachner, bingwa wa samaki wa Vienna, na kwao ni mito ya kaskazini-mashariki ya Brazili. Lakini wauzaji wa nchi nyingi wana mazoea ya kumvika jina hilo jamaa yake, Corydoras trilineatus, aliyeelezwa na Mmarekani Edward Cope mwaka 1872 kutoka upande wa Peru, na ambaye ndiye ajaaye madukani. Tofauti yao, vitabu husema, ni nyepesi: kichwa cha julii kina vidoa vilivyotengana, ilhali cha trilineatus kina vidoa vilivyoungana vikafanya mistari ya kupindapinda. Aliyeandika kwamba jambo hilo ni jepesi nadhani alikuwa na samaki mfu, aliyelala ndani ya chupa ya spiriti bila haraka ya kwenda popote.

Wangu walikuwa hai, na kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Nilipopiga magoti mbele ya tangi nikiwa na kioo cha kukuzia, kambare aliyekuwa ametulia tangu alfajiri alikumbuka ghafula kwamba anahitaji hewa. Kwani jamii hii, juu ya kuwa na matamvua, ina maumbile ya kupanda mbio hadi juu ya maji, kugugumia funda la hewa na kulimeza, ili utumbo ulifanyie kazi ya pafu. Akishuka hurudi mahali pengine, na kwa kuwa wenzake wamevaa sare moja naye, uchunguzi huanza upya. Mwanangu wa kike, aliyeniambia kwamba simu yake ingelimaliza shauri hilo mara moja, alipata picha nyingi nzuri za mchanga, na moja ya pua yangu ikiwa imeakisiwa kiooni, ambayo kabla ya magharibi ilikuwa imekwisha kuwafikia jamaa zetu wote wa Mombasa na kutolewa maoni.

Ikawa lazima mmoja atolewe majini. Sasa, kambare wa deraya akiingiwa na hofu huisimamisha miiba ya mapezi yake na kuifunga wima, na mwiba ukishika nyuzi za wavu hautoki. Kuuchomoa kwa nguvu ni dhuluma, na tiba yake ni mkasi. Wavu ukakatwa, kambare akapona, na mjuzi mmoja wa mambo hayo akatunasihi kwamba viumbe hawa hawavuliwi, bali huongozwa kwa upole waingie wenyewe katika chombo cha kioo. Chombo cha kioo kilichokuwa karibu kilikuwa bakuli la mke wangu, lililotoka Unguja katika vyombo vya harusi yake, ambalo hutolewa kabatini siku ya Idi tu. Na siku ile, kwa kudura ya Mola, ilikuwa Idi.

Nililiweka bakuli mezani karibu na dirisha, kwa ajili ya nuru. Kengele ya mlango ikalia, wageni wakaingia kwa kishindo cha furaha, sahani zikapangwa na mikono mingi yenye nia njema, na nilipogeuka bakuli lilikuwa limekwisha kupata makao baina ya biriani na kachumbari. Shangazi yetu, ambaye macho yake yamedhoofu lakini hamu yake ya chakula haijadhoofu, alikuwa ameinua upawa. Alilitazama bakuli kitambo, kisha akamwambia mke wangu kwa sauti ya mtu anayeficha aibu ya mwenyeji: "Mwanangu, mchuzi wenu mwepesi, na samaki wake ananikonyeza."

Mke wangu hakujibu neno mbele ya wageni, nao waliooa wanajua uzito wa kimya cha namna ile. Hata hivyo insafu yanilazimu kusema kwamba kwa muda ule upawa ulipokuwa hewani kambare aliganda kwa hofu, nami kwa mara ya kwanza nikakiona kichwa chake chote: mistari iliyoungana, dhahiri shahiri. Alikuwa trilineatus. Nilimrudisha kwa wenzake kwa taadhima, na jioni nikaandika jina lake kamili kwa wino mweusi juu ya kadi, nikaisimamisha kando ya tangi.

Kadi ile haikuwahi kufifia kabla ya kubatilishwa. Nilikuja kusoma kwamba mwaka 2024 wataalamu walilichambua kundi zima kwa vinasaba na kwa maumbile, wakaligawa upya, na wangu wakahamishiwa ukoo wa Hoplisoma bila wao kusogeza pezi. Nikasoma pia utafiti wa mwaka 2011 katika jarida la Nature, ulioonyesha kwamba katika mito yao aina zenye nasaba za mbali huishi pamoja na kuvaa rangi zilezile, ili adui aliyewahi kuchomwa na miba ya mmoja awaepuke wote; kinachowatenga ni urefu wa pua na chakula. Yaani kutotambulikana ndiko kunakowaweka hai, na mimi na kioo changu tulikuwa tukishindana na werevu wa karne zisizohesabika. Nilijiliwaza kwa kukumbuka kwamba Charles Darwin, aliyemchukua mmoja wa jamaa zao katika safari ya Beagle, hakujitia kumpa jina. Alimwachia kazi hiyo Leonard Jenyns, aliyeikamilisha mwaka 1842.

Wakati huo shemeji yangu, aliyelala sebuleni usiku ule wa Idi, alikuwa amefanya kubwa kuliko hao wote. Aliwaona kambare wakipanda kugugumia hewa, akaamini, kwa huruma aliyojaaliwa, kwamba wanakata roho, naye akawamiminia ndoo ya maji baridi ya bomba. Katika mito yao maji yakipoa ni bishara ya mvua, na mvua ni msimu wa ndoa. Asubuhi tulimkuta jike akiwa amekunja mapezi ya tumboni na kuyabana mayai baina yake, akiyabandika moja moja juu ya kioo, ilhali madume yanamfuata kwa adabu. Walikuwa wametambuana gizani bila kadi. Na kwa sababu wazazi hawa huyala mayai yao, ilibidi yahamishwe upesi. Bakuli la Idi lilikuwa na mwenzake kabatini, na habari zaidi za asubuhi ile ni siri ya nyumba.

Tangu hapo wageni wakiuliza majina hawaniulizi mimi. Mke wangu huwaonyesha kwa kidole: yule ni Aliyekatiwa Wavu, huyu ni Mchuzi, na wale wadogo ni Watoto wa Ndoo, na majina hayo hayajafanyiwa marekebisho na mtaalamu yeyote. Shemeji naye alidai kwamba mmoja wa wadogo apewe jina lake, kwa haki ya ukunga. Tulilipima dai hilo kwa uadilifu, tukalinganisha sharubu za pande zote mbili, na hapakuonekana hoja ya kumnyima.