Nipe Mji, Mjomba

Kitendawili! Mtu ametoka nyumbani mbio, akakata kushoto, akakata tena kushoto, akakata kushoto mara ya tatu, na sasa anarudi nyumbani na kukuta wanaume wawili waliofunika nyuso wanamngoja. Ni akina nani hao?

Mimi nilikulia Tanga, mtaa wenye sungusungu, kwa hiyo sikuhitaji kufikiri. Nilisema ni majambazi na huyo mtu apige yowe. Meza nzima ikaangua kicheko. Mpwa wangu, binti wa darasa la pili mwenye mapengo mawili mbele, akaninyooshea kiganja. "Huwezi, Mjomba. Nipe mji."

Nikampa Muheza. Akajiweka sawa kitini, akatusimulia alivyopokelewa Muheza kwa ngoma, akachinjiwa mbuzi, akala machungwa mpaka akasahau njia ya kurudi. Ndipo akatoa jibu: mdakaji na mwamuzi wa besiboli. Wote wawili huvaa vinyago vya chuma na hukaa nyuma ya "nyumbani", yaani lile bamba jeupe la ardhini ambalo mpigaji huanzia, na sharti alirudie baada ya kuzunguka vituo vitatu ili timu yake ipate pointi.

Vitendawili hivi ni vya shemeji. Dada yangu ameolewa Boston, na besiboli aliikuta ndani ya nyumba. Yeye amewafundisha watoto kutega na kutegua kama tulivyofundishwa na bibi. Baba yao kaleta bidhaa. Matokeo yake, nikienda kuwatembelea, ugali unapakuliwa moto na kuliwa baridi. Soka lina sheria 17 tu, na bado Simba na Yanga wakikutana hatulali. Kitabu cha sheria za besiboli kina kurasa zaidi ya 100, na shemeji anaweza kutega kutoka ukurasa wowote.

Kwa mfano: ngwe ya timu inayopiga huisha wachezaji wake watatu wakitolewa. Sasa mrushaji anawezaje kuwaangusha wapigaji wanne kwa straiki, yaani kwa mipira wanayoshindwa kuipiga, katika ngwe hiyo moja? Nilisema mwamuzi hajui kuhesabu. Nikanyang'anywa Pangani.

Jibu alilitoa kwa vitendo. Kichupa cha chumvi kikawa kituo cha kwanza, pilipili cha pili, bakuli la kachumbari cha tatu, na sahani yangu ikawa nyumbani. Mpigaji akikosa straiki ya tatu, ametolewa, lakini mdakaji naye sharti audake mpira. Ukimponyoka, na kituo cha kwanza kikawa kitupu, au wakawa wameshatolewa wawili, mpigaji ana ruhusa ya kutimua mbio. Akifika kabla ya mpira, amesalimika, ingawa mrushaji anaandikiwa straiki yake palepale. Hapo ndipo anapopatikana wa nne. Ili nielewe vizuri, shemeji aliinua finyango ya kuku kutoka sahani yangu, akaipitisha kwenye chumvi, kwenye pilipili, kwenye kachumbari, akaifikisha nyumbani salama, halafu akaila.

Nikaona nami nimjaribu. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto wa chekechea wa kwetu anajua kwamba hilo ni yai. Shemeji akaweka kijiko chini, akakunja uso, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Kwanza niambie, shemeji. Kituo cha kwanza, kuna mtu?"

Siku moja niliambulia nusu ya jibu. Timu imepiga mipigo sita safi katika ngwe moja, yote imehesabiwa, na haikupata hata pointi moja. Imekuwaje? Wawili wa kwanza, shemeji alinisaidia, walifika kituo cha kwanza, kila mmoja kwa zamu yake akajaribu kuiba cha pili, wakanaswa. Watatu waliofuata wakapiga mipira mifupi, vituo vyote vikajaa. Na wa sita? Nikakumbuka rede ya uwanjani kwetu: ukigongwa na mpira, unatoka, hata ulie. Nikasema mkimbiaji kagongwa na mpira wa mwenzake. Shemeji alisimama kunipa mkono. Sheria ndivyo ilivyo: mkimbiaji anatolewa, mpigaji anaandikiwa mpigo wake, ngwe imekwisha, pointi sifuri. Nilirudishiwa Pangani baada ya mabishano. Dada, ambaye enzi zake hakuna aliyempata katika rede, alisema angelijibu lote.

Yai halijawahi kumwaibisha mtu. Vitendawili vya besiboli vina wenyewe, watu wenye majina, na siku zao mbaya zimeandikwa na tarehe. Mpira umevuka uzio vituo vyote vikiwa vimejaa. Kwa nini imehesabiwa pointi moja badala ya nne? Kwa sababu tarehe 17 Oktoba 1999, New York, katika ngwe ya 15, Robin Ventura wa Mets aliupiga mpira huo, na wenzake wakashindwa kungoja. Alipopita kituo cha kwanza walimkumbatia, wakamnyanyua, wakamzonga. Hakufika hata cha pili. Mets walishinda 4-3, na mpigo mkubwa wa maisha yake ukaandikwa vitabuni kuwa mpigo wa kituo kimoja. Kwa furaha ya namna hiyo, afadhali uchukiwe.

Kingine: mrushaji amewatoa wapigaji 36 mfululizo, hakuna aliyekanyaga kituo cha kwanza, na bado amefungwa. Huyo ni Harvey Haddix wa Pittsburgh, tarehe 26 Mei 1959. Kwa kawaida 27 wanatosha kumaliza mchezo na kuingia katika historia, lakini timu yake nayo ilishindwa kupata hata pointi moja, kwa hiyo wakaongezewa ngwe. Katika ya 13 mwenzake alikosea kurusha, na muda si mrefu Joe Adcock wa Milwaukee akaupeleka mpira ng'ambo ya uzio. Hata huo haukuhesabiwa kikamilifu: Hank Aaron alidhani mchezo umekwisha, akaacha kuzunguka, Adcock akampita njiani, na kumpita mwenzako aliye mbele ni kosa. Pointi zikapunguzwa, ikawa 1-0. Haddix alipoteza vilevile.

Kilichonimaliza kilitoka kwa mpwa wangu mwenyewe. "Mtu mmoja alianza kupiga, na zamu yake hiyohiyo ilipomaliziwa, yeye ndiye aliyekuwa amechuchumaa nyuma anadaka." Nikasema ni pacha. Nikasema ni jini. Miji ya Tanga ilikuwa imeniishia, nikampa Boston. Akakataa. "Boston ni yetu, Mjomba. Huwezi kutoa kitu si chako." Ikabidi nitoe Zanzibar, nikiomba Wazanzibari wasisikie.

Ni Danny Jansen. Tarehe 26 Juni 2024 alikuwa anapiga kwa niaba ya Toronto hukohuko Boston, uwanja wa Fenway Park, mvua ikanyesha na mchezo ukaahirishwa katikati ya zamu yake. Mwezi uliofuata Toronto wakamhamishia Boston. Mchezo uliporejewa tarehe 26 Agosti, ulianzia ulipokomea: Toronto wakamwingiza mwingine amalizie zamu ya Jansen, na Jansen akaidakia Boston. Hakuna mchezaji mwingine wa Ligi Kuu aliyewahi kuzichezea timu zote mbili katika mchezo mmoja. Shemeji alikisimulia kisa hicho mara mbili, ya pili ikiwa kwa ajili ya jirani aliyekuja kuazima ngazi.

Nawe ndugu msomaji, ukialikwa chakula na mpenzi wa besiboli, usijisumbue kusoma kurasa zote zile. Akitega, tulia, kunja uso, uulize kama kituo cha kwanza kilikuwa na mtu. Swali hilo lina maana mara nyingi kuliko unavyodhani, na kulijibu kutamchukua muda mrefu. Wewe kula.