Mkaguzi Yuko Njiani, Wewe Unafua Mapazia

Simu yenyewe haina makeke. Mtu mwenye sauti ya upole anajitambulisha kwamba anatoka Ofsted, anauliza wiki hii utakuwa na watoto siku zipi, kama mna safari ya maktaba au bustanini, anashukuru, anaaga. Haijapita robo saa, dada wa watu kapanda kiti anashusha mapazia, mume katumwa dukani kununua rangi ya ukuta, binti mkubwa yuko kwenye simu anaagiza midoli ya mbao ya bei mbaya. Mwongozo huu unaanzia hapo hapo. Hatua ya kwanza: shuka kwenye kiti. Hatua ya pili: mapazia yarudishe yalipokuwa.

Nawaandikia dada zetu wanaolea watoto wa watu majumbani mwao huko England, waliotoka Mombasa, Unguja, Dar, Bujumbura au Goma. Tumekuzwa tukijua kwamba mtu wa serikali akitangaza kuja, njia hufagiwa, mawe hupakwa chokaa na watoto hufundishwa wimbo. Hiyo ni ziara ya waziri. Ofsted ni jambo jingine. Iliundwa mwaka 1992 ikague shule, na mwaka 2001 ikakabidhiwa pia kazi ya kusajili na kukagua walezi wa nyumbani, iliyokuwa mikononi mwa halmashauri. (Scotland na Wales wana vyombo vyao.) Mkaguzi wake atakaa kwako saa chache, na muda mwingi atautumia kutazama kitu kimoja: mtoto anayeletwa kwako asubuhi anapata nini mpaka jioni. Anasemeshwa? Anashiba? Yuko salama? Kuna jambo analiweza leo ambalo mwezi uliopita lilimshinda? Mapazia hayamo.

Kwa hiyo usinunue vitu vipya. Mtoto wa miaka 3 hajui kutunza siri ya nyumba. Mweke mbele ya jiko la kuchezea lililotolewa kwenye boksi jana usiku, atamgeukia mkaguzi amuulize, "Hiki cha nani?" Na yule aliyevalishwa nguo za Idi siku ya Jumanne, akakatazwa kukaa chini asije akachafuka, atanuna kochini asubuhi nzima, na mkaguzi ataandika alichokiona, yaani mtoto aliyenuna. Wavalishe nguo za kuchafuka, uwatolee vitu wanavyovijua.

Kama huna wazo, chukua beseni, vikombe viwili vya choroko, vijiko viwili na kopo tupu la maziwa. Yule wa mwaka mmoja anayetia kila kitu mdomoni na puani mpe vifuniko vya sufuria, akae upande wako wa pili, mbali na choroko. Mwenye miaka miwili na nusu anachota, anamwaga. Nusu inaingia koponi, nusu inatawanyika zuliani. Umekaa naye chini. Unahesabu, "Moja, mbili... lo, limejaa!" Anakutazama. "Jaa." Anachota tena, ulimi nje kwa bidii. Unanyamaza, unamsubiri, hata kama kimya kinakutekenya kwa sababu mgeni anatazama. Kisha anasema, "Jaa. Ingine." Katika dakika hizo chache mkaguzi ameona lugha, hesabu, vidole vinavyojifunza kazi, na mtu mzima anayejua kusubiri. Hili la kusubiri ndilo gumu, na ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mlezi mwenye hofu husema bila kupumzika, akamnyang'anya mtoto nafasi ya kujibu.

Mkaguzi atauliza kwa nini umemchagulia mchezo huo. Usimjibu kwa maneno ya semina. Mwambie, "Wiki iliyopita alikuwa anashika kijiko kwa ngumi, nataka azoee vidole. Na maneno yake yalikuwa moja moja, natafuta apate mawili." EYFS, yaani masharti ya kisheria ya malezi na elimu ya awali yaliyoanza 2008, ina maeneo saba ya makuzi. Yajue. Lakini mtu aliyeyakariri yote saba, halafu hawezi kusema mtoto anapenda nini na nini kinamliza, bado hajajiandaa.

Sasa mafaili. Wapo wanaokesha wakichapisha sera, sera ya kuaga wazazi, sera ya mvua, kila moja kwenye nailoni yake. Zima mashine ukalale. Tangu tarehe 4 Januari 2024 walezi wa nyumbani wana toleo lao la EYFS, nalo linasema wazi kwamba mlezi halazimiki kuwa na sera za maandishi. Linachotaka ni aweze kuzieleza. Mzazi akikuuliza mtoto akipandwa na homa saa sita mchana utafanyaje, umjibu hapo hapo bila kufungua droo. Karatasi zenye kazi si nyingi: mahudhurio ya kila siku yenye saa za kuja na kuondoka, taarifa za mtoto na simu za wazazi, kumbukumbu za ajali, bima, na ruhusa ya mzazi kwa maandishi kwa kila dawa, si ruhusa moja ya dawa zote za dunia. Halafu kuna cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto. Mafunzo yake kamili ni ya saa 12, nacho hufanywa upya kila miaka 3. Kiangalie tarehe sasa hivi, nitakusubiri. Cheti kilichokwisha muda wiki jana hakuna keki ya kukiokoa.

Tabu ya nyumba zetu, hata hivyo, si karatasi. Ni watu. Kila mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea anayeishi humo lazima Ofsted imjue na rekodi yake ipekuliwe, ile hati ya DBS. Na sisi nyumba haikosi shemeji. Alikuja kutoka Tanga kwa wiki mbili, sasa ni mwezi wa nne, yuko sebuleni na rimoti. Mkaguzi akiuliza huyu ni nani, "Ni shemeji, yupo yupo tu" si jibu. Mazungumzo hayo yafanye siku anayotua na begi, kwa heshima zote: "Shemeji, karibu sana, hapa ni kwako. Ila kazi yangu ni ya watoto wa watu, kuna fomu lazima uijaze." Shemeji muungwana ataelewa. Asiyetaka kuelewa atafute pa kulala kwingine, nami sitamuonea haya kumwambia. Usimsahau na kijana wako mwenyewe. Siku anayotimiza miaka 16, keki iandamane na fomu.

Hesabu ya watoto nayo ina mitego ya ujirani. Kwa kawaida mlezi mmoja haruhusiwi kuzidisha watoto 6 wa chini ya miaka 8. Kati yao wadogo wa kabla ya umri wa shule wasizidi 3, na wa chini ya mwaka awe 1. Wako mwenyewe wanahesabiwa. Zipo nafuu za kisheria, kama kwa ndugu wa tumbo moja, lakini nafuu ya "nishikie nusu saa tu nifike posta" haimo. Kwetu kumkatalia jirani mtoto ni jambo zito, najua. Kataa. Mikono yako ni miwili, na ukiitwa na watoto watano kwa pamoja utajua idadi hizo zimewekwa kwa ajili ya nani.

Twende jikoni. Usimpikie mkaguzi biriani. Chai mkaribishe, kikombe kikae juu, mbali na mikono midogo, maana chai ya moto huunguza mtoto vibaya. Tangu Septemba 2025 EYFS imekaza masharti ya usalama wakati wa kula: watoto wakiwa wanakula lazima waonekane na wasikike muda wote, na chumbani awepo mwenye cheti halali cha huduma ya kwanza. Maana yake huwezi kumwacha mtoto na sahani yake ukaenda kugeuza chapati. Mtoto anayepaliwa anaweza asitoe sauti yoyote, nawe uko jikoni unaimba. Kaa uso kwa uso naye. Zabibu zikate kwa urefu vipande vinne. Karanga nzima si za mtoto wa chini ya miaka 5. Ubuyu ule mwekundu unaoletewa kutoka nyumbani, wenye kokwa, ufiche mpaka watoto waondoke. Samaki mchambue mwiba kwa vidole vyako, si kwa macho. Maji ya kunywa yawe mahali ambapo mtoto anayapata wakati wowote. Na ile jiki uliyoimimina kwenye chupa ya soda, kwa mazoea tuliyotoka nayo, iondoe leo, kabla hujafikiria mkaguzi wala mtu mwingine yeyote.

Hapa nitakaza sauti kidogo. EYFS inakataza kumpiga mtoto, na inakataza vilevile kumtishia kipigo. "Nitakuchapa" kwetu hutoka mdomoni bila kupita kichwani. Tunaisema hata tukicheka. Kusema kwa Kiswahili hakukuokoi, kwa sababu mtoto hahitaji kamusi kujua jicho lile na kidole kile, na mkaguzi humtazama mtoto. Anayejikunja kila unapoinua mkono kupanga vitabu rafuni ameshatoa ushahidi. Neno ulilolizoea tangu utotoni haliachiki kwa asubuhi moja, basi lianze kuachwa mwezi huu. Mtoto akipanda meza, sogea, inama mpaka macho yenu yakutane, mwambie unachotaka afanye: "Miguu chini." Mshike mkono ashuke. Kesho atapanda tena, nawe utainama tena. Magoti yatauma, lakini inafanya kazi.

Kiswahili chenyewe usikifiche. Nasikitika ninapoona mama anayeimba na watoto kila asubuhi akibadilika siku ya ukaguzi, akawa anasema Kiingereza cha kwenye redio. EYFS inamtaka mlezi ampe mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao si Kiingereza nafasi ya kuitumia na kuikuza lugha hiyo katika michezo, huku akikijenga Kiingereza chake vizuri. Mtoto wa Kikongo anayehesabu ngazi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ana mali mara mbili. Shikaneni mikono mcheze ukuti, na mkaguzi akitaka kuingia kwenye duara aingie. Ila Kiingereza chako kitoshe kuita gari la wagonjwa na kusoma maelezo ya chupa ya dawa. Hilo ni sharti, na ni la haki.

Siku ikifika, akibisha, usifungue mlango wote kwa tabasamu. Omba kitambulisho, kisome, mwandike kwenye daftari la wageni. Unaona aibu kumfanyia hivyo mtu wa serikali? Mwenye aibu hiyo atamfungulia mtu yeyote aliyevaa koti zuri.

Kuna swali moja litakuja kwa hakika kwa namna moja au nyingine: mtoto ameletwa ana alama ya kuumizwa, maelezo ya mzazi hayaeleweki, utafanyaje? Jibu lake silegezi. Unaandika ulichokiona na alichosema mtoto kwa maneno yake, unawasiliana na idara ya watoto ya halmashauri, na kama yuko hatarini dakika hiyo unapiga 999. Namba ya halmashauri iwe mlangoni mwa friji na kwenye simu yako. Huwaiti wazee, humpigii shangazi yake, husemi mzazi ni mtu wa msikitini kwetu au wa kanisani kwetu. Na tuhuma ikimhusu mumeo au mwanao? Unaripoti vilevile, na Ofsted lazima ijulishwe mapema iwezekanavyo, isipite siku 14. Mambo ya kumalizana ndani ya nyumba yanamwacha mtoto peke yake na aliyemuumiza. Kama hujawahi kulisema jibu hili kwa sauti, liseme usiku huu mbele ya mumeo, naye alisikie.

Mwishoni mkaguzi atakueleza alichokiona. Chukua kalamu uandike, kwa sababu moyo ukidunda masikio hayakamati. Akikukosoa, usimpe historia ya maisha yako; muulize kosa hilo ameliona kwenye jambo gani, na nini kingemridhisha. Tangu Novemba 2025 yale maneno manne ya hukumu yaliyokuwa yakibandikwa juu ya ripoti nzima yameondolewa, na badala yake inatolewa kadi yenye daraja kwa kila eneo, pamoja na maelezo. Rasimu ya ripoti ukiipata isome yote. Kama wameandika una watoto wanne na wewe una watatu, waandikie warekebishe kabla haijatangazwa. Ikishatoka, wape wazazi nakala bila kungoja wakuombe, na ile sehemu iliyokukosoa uwaonyeshe wewe mwenyewe, pamoja na ulichokwisha kubadilisha.