Finya, Tano Inaliwa

Jumamosi iliyopita nilifukuzwa sebuleni kwangu hapa Ruiru, nyumba ambayo kodi yake nalipa mimi. Si kwamba mtu alinitamkia toka. Mpwa wangu alileta marafiki wanne, wakamaliza chapati zote zilizokuwa kwenye hotpoti, wakajaa kwenye kochi hadi likalia, wakawasha katuni ya Tekken: Bloodline kwenye runinga, kisha wakaanza maombolezo. Wameharibu! Wameua stori! Mmoja mwenye ndevu tisa (nilizihesabu, sikuwa na pa kukaa) akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa aliyekuta sadaka imeliwa, akasema watu wa Netflix hawaheshimu historia ya Tekken.

Nikiwa mlangoni na kikombe changu cha chai, nikauliza kwa upole: "Historia gani?"

Wakanigeukia wote watano.

"Anko," mpwa wangu akasema, kwa ile sauti ya kumweleza mtoto kwamba paka amekufa, "wewe huwezi kuelewa. Hii ni stori ya tangu kitambo."

Mimi siwezi kuelewa! Mimi niliyekula viboko kwa ajili ya Tekken 3 kabla mama yake hajakutana na baba yake!

Mchezo huu wa kupigana ulianzia kwenye mashine za Namco huko Japani mwaka 1994, ukaingia PlayStation mwaka uliofuata, na Tekken 3 ikatua kwenye PlayStation mwaka 1998. Kwetu Makongeni, Thika, ilichelewa kidogo kufika. Ilifikia kibanda cha mabati chenye runinga mbili, benchi moja, na pazia zito la kuzuia jua na akina mama. Gemu moja ilikuwa shilingi tano, na sheria ilikuwa moja tu: mshindi anabaki. Ukipigwa unaacha pedi, unarudi mkiani mwa foleni, na kama huna tano nyingine unageuka kuwa mshauri.

Sasa, stori ya Tekken haimo kwenye ngumi. Imo kwenye vipande vya filamu. Kuna kimoja gemu ikianza, halafu kila mpiganaji ana chake kinachoonyeshwa mwishoni, ukicheza peke yako dhidi ya mashine hadi umwangushe lile zimwi linaloitwa Ogre. Nani angekuruhusu ucheze peke yako na watoto kumi na wanne wanakupumulia shingoni? Na kile kipande cha mwanzo, mwenye kibanda hakuwa na subira nacho. Picha ya kwanza ikijitokeza tu, sauti inatoka nyuma ya pazia: "Finya! Finya, tano inaliwa!"

Kwa miaka minne ya uraibu wangu sikuwahi kuona sekunde kumi za hadithi hiyo. Na hawa wa Ruiru je? Wamelelewa na kibanda cha kule Kimbo. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa na dada yangu kumtoa mpwa wangu humo, patipati mkononi. Bei ilikuwa imepanda hadi kumi, lakini kidole kilikuwa kilekile. Watu waliofinya wakaruka kila neno lililowahi kutamkwa ndani ya Tekken leo wanalia kwamba maneno yamebadilishwa.

Sisi angalau hatukujifanya. Hatukujua stori, tukatunga yetu. Jin Kazama alikuwa Jini, kwani si ndivyo alivyoandikwa, na jini anayenuna namna ile lazima atoke Mombasa. (Miaka mingi baadaye nikajua kwamba kweli ana shetani kwenye damu. Tulifika mapema kwa njia ya mkato.) Hwoarang alikuwa Warangi, na jamaa mmoja ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori alituapia kwamba hilo ni kabila la Kondoa, Tanzania, ndiyo maana anapiga mateke hivyo. King mwenye kichwa cha chui alilogwa na mke mkubwa. Hakuna aliyebisha. Kubisha kungekupotezea nafasi kwenye foleni.

Kisha kulikuwa na yule dubu. Kwa Kijapani dubu anaitwa kwa neno ambalo mhariri wangu hatakubali nilichape hapa, na Wajapani hawana kosa, kwao ni mnyama tu. Shida ni kwamba ukimchagua, mashine inamtangaza, kwa sauti nzito ya Kizungu, na mwenye kibanda alikuwa amefungulia sauti hadi mwisho. Jumapili moja akina mama walikuwa wakipita kutoka ibadani, Biblia kwapani. Mashine ikatangaza. Akina mama wakasimama. Mchezaji wa pili, kwa kiherehere, naye akamchagua dubu yuleyule. Mashine ikarudia. Pazia likafunguliwa kwa ncha ya mwavuli, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mama yangu ana mguu wa Eddy Gordo.

Eddy Gordo! Hapo sasa naomba nipewe kiti.

Eddy ni Mbrazili wa capoeira, yaani anakuchezea ngoma huku anakuvunja taya. Wajuaji wanamdharau yeyote anayemtumia, kwa kuwa Eddy hadai akili: unafinya vile vitufe viwili vya mateke bila mpango, yeye anazunguka kama feni, adui analala. Wenzangu walikuwa na madaftari ya kukariri mapigo kumi mfululizo ya ukoo wa Mishima. Mimi nilishika pedi kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na nilibaki. Kuna siku nilibaki mechi tisa. Nilibaki hadi mwenye kibanda akanipiga marufuku kumtumia Eddy kuanzia saa kumi jioni, eti nafukuza wateja wanaotoka kazini.

Najua wapo wanaoujua mchezo huu kwa kichwa. Sylvia Gathoni, yule wanayemwita QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya Tekken. Arslan Ash alitoka Lahore, Pakistani, ambako vijana wanapigania mashine kwenye kumbi za mtaani kama tulivyopigania zetu, na mwaka 2019 akatwaa mashindano ya EVO ya Japani na EVO ya Marekani. Hao wakilalamika nitasimama niwasikilize. Huyu wa ndevu tisa hajawahi kunishinda hata raundi.

Kwa hivyo kama ni malalamiko, yangu ndiyo yenye msingi. Kulitengenezwa filamu ya Tekken ya watu halisi mwaka 2009, mwongozaji Dwight Little. Mimi niliipatia stendi ya Thika kwenye diski ya filamu nane kwa shilingi hamsini. Ni mwaka 2039, makampuni yanatawala dunia, na Heihachi Mishima ni Cary-Hiroyuki Tagawa, yuleyule aliyekuwa mchawi Shang Tsung katika Mortal Kombat ya 1995. Ukiwa na nyusi zile, Hollywood haikupi kazi ya kufundisha chekechea. Na Eddy je? Eddy wakampa Lateef Crowder, Mbrazili kamili, capoeira kamili, mwanamume aliyewahi kupambana na Tony Jaa ndani ya hekalu linalowaka moto. Nikavua viatu. Nikaita majirani wawili. Eddy akaingia ulingoni, akapepeta miguu yake vizuri, mpiganaji mwenzake Raven akamchapa, akatolewa. Basi. Majirani wakaniangalia kama mtu aliyewaalika kwenye harusi iliyovunjika. Nilimalizia zile dakika zilizobaki kwa uchungu wa hamsini yangu tu. Hata Katsuhiro Harada, mkuu wa Tekken kwa miaka mingi, aliikana filamu hiyo hadharani, akasema ni mbovu na wao hawakupewa nafasi ya kuisimamia. Baba akishamkana mtoto mbele ya watu, wewe jirani huna la kuongeza.

Mwaka 2022 ikaja hii Bloodline, vipindi sita vya katuni, na wakachagua kusimulia nini? Enzi ya Tekken 3! Enzi yangu! Nikatafuta Eddy kipindi cha kwanza, cha pili, nikachoka. Leroy Smith yumo, ambaye aliingizwa kwenye mchezo wakati wa Tekken 7, enzi ambayo sisi wa benchi tulishaoa. Eddy hayumo. Haya, Tekken 8 ikatoka Januari 2024. Eddy hayumo. Akaja Aprili, akiuzwa kando. Umelipia sahani ya pilau, sasa unaambiwa nyama iko kwenye lile dirisha lingine, beba pesa.

Haya yote nilikuwa nayaeleza kwa sauti ambayo mpwa wangu baadaye aliita makelele. Nikagundua nimekaa kwenye kochi, katikati yao, na ndevu tisa ananipigapiga mgongoni.

Mama watoto alikuwa kwenye kiti cha pembeni akikata sukuma wiki. Yeye hajawahi kushika pedi. Akanyoosha kisu kwenye runinga.

"Huyo mzee mwenye nywele za pembeni ni nani kwa kijana?"

"Ni Heihachi, guka yake, yaani babu," mpwa wangu akasema.

"Na baba ya kijana yuko wapi?"

"Guka alimtupa kwenye volkano."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naye alikuwa amemtupa guka kwenye genge."

"Na yeye alimtupa kwa nini?"

"Guka ndiye alianza, akamtupa genge hilohilo akiwa na miaka mitano."

"Baba ya guka naye alikuwa wapi haya yote yakitendeka?"

"Jinpachi? Guka alimfungia chini ya hekalu akachukua kampuni."

Kumbe wanajua. Wamejifunza yote YouTube, wametulia, bila mtu wa kuwapigia kelele za tano. Nilinyamaza nikanywa chai iliyopoa.

Mama watoto aliweka kisu chini. "Sasa nyinyi mnalilia nini? Hii si ni kesi ya urithi? Taitodidi iko kwa jina la nani?"

Sebule ikatulia. Miaka thelathini ya Tekken, na hakuna mtu niliyewahi kumsikia akiuliza taitodidi iko kwa jina la nani.

Lakini fikiria. Kuna mtoto wa kulea, Lee Chaolan, ambaye anahisi alibaguliwa. Kwenye Tekken 6 akatokea Lars, mwana wa nje, akidai naye ni damu. Kwenye Tekken 8 akaibuka binti, Reina, ambaye hakuna aliyejua alikuwa akilelewa wapi. Kilichobaki ni bibi wa pili kufika mazishini na watoto waliofanana na marehemu pua kwa pua. Na marehemu mwenyewe hafi! Kwenye Tekken 7, Kazuya, baba ya Jin, alimsukumia baba yake Heihachi kwenye lava mbele ya macho yetu. Mwaka 2024 mzee akarudi, naye akiuzwa kando. Nenda mahakama za Thika asubuhi yoyote, utamkuta Heihachi kwenye benchi la nje na bahasha ya kaki. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe, kazi ikakamilika mwaka 2012, na ploti kuanza kuuzwa kwa bei za ajabu, kila ukoo una wake. Tuna mtaa mzima Thika unaoitwa Landless, na nakuhakikishia huko nako watu wanagombania ardhi.

Kosa la Hollywood ni kudhani Tekken ni ngumi. Walitafuta waigizaji wenye misuli, wakasahau sevea. Hakuna chifu, hakuna bikoni iliyosogezwa usiku, hakuna mzee anayesema "marehemu aliniambia mimi peke yangu". Wangempa DJ Afro filamu ile atutafsirie, Heihachi angekuwa anatukana watoto wake kwa Kiswahili cha River Road, na sote tungeelewa kila kitu dakika ya tatu.

"Ni kama kwenu tu," mama watoto akasema, akarudi kwenye sukuma wiki yake.

Sikujibu. Baba yangu mkubwa ana upara katikati na nywele nyeupe zilizosimama pande zote mbili. Ana pia nusu ekari ya marehemu guka yetu kule Gatuanyaga, na amekuwa akiahirisha kikao cha familia tangu enzi za corona. Wiki ile hatimaye alikuwa ametuma ujumbe: Jumapili, saa tisa, pale hotelini juu ya maporomoko ya Chania, tuzungumze kwa amani tukitazama maji. Mpwa wangu alisoma ujumbe huo kwenye simu yangu, akatazama runinga, akatazama picha ya mzee iliyo ukutani, kisha akakimbilia bafuni kucheka.

Vijana waliondoka jioni. Mimi nikaenda kulala na hasira zangu za Eddy. Saa saba usiku nikashtushwa na kiwiko. Mama watoto alikuwa amebaki sebuleni peke yake akamaliza vipindi vyote sita, bila kufinya hata kimoja.

"Guka amempiga mjukuu risasi," akasema.

"Najua."

"Baada ya kijana kumshindia kila kitu."

"Najua."

"Kijana ameota mabawa, akaruka zake."

"Najua," nikasema, ingawa hilo la mabawa ndiyo kwanza nilisikie.

"Sehemu ya pili iko wapi?"

"Haijatoka."

Akanyamaza kitambo. Nilidhani amelala.

"Kesho umpigie simu baba mkubwa," akasema. "Kikao kifanyiwe nyumbani. Si pale juu ya maporomoko."