Ndoo ya Ijumaa

Maji yangali katika sikio langu la kushoto ninapoandika haya, na kila nikiinamisha kichwa nasikia humo bahari ndogo ikinicheka. Na laiti ningalikuwa mtu wa kuficha aibu zake ningalisema nilikwenda kuogelea, lakini mtu haendi kuogelea amevaa kanzu ya melimeli, kofia ya viua na saa ya mkononi, tena siku ya Ijumaa, saa sita na nusu mchana, akingoja gari ya kumpeleka msikitini.

Hoteli yenyewe iko Orlando, katika Florida, mwendo mfupi wa gari kutoka viwanja vile mashuhuri vya burudani, na mpwa wangu aliichagua kwa sababu ya wanawe. Humo kila kitu kimefanyiwa watoto, na mtu mzima hustahimiliwa kwa kuwa ndiye mwenye kadi ya benki. Tangu siku ya kwanza niliona jinsi wadogo hao wanavyonitazama kwa taadhima. Wawili waliomba kupigwa picha nami ndani ya lifti, na mmoja akanishika mkono akakataa kuuachia, nikasifu moyoni malezi ya Wamarekani. Sikujua kwamba katika mji ule mtu mwenye vazi geni hakosi kuwa ameajiriwa kulivaa, na kwamba panya na bata wenye kimo cha binadamu hupeana mikono na wageni na kutia saini katika vitabu ambavyo watoto huvibeba kwa kazi hiyo.

Basi Ijumaa hiyo nilitafuta kivuli. Kando ya bwawa pamesimamishwa mnara wa mabomba, ngazi na nyavu, na juu ya kilele chake imewekwa ndoo nyekundu kubwa kuliko tangi la maji la nyumba yangu, nayo hutupa chini kivuli kizuri cha duara. Watoto wote walikuwa mbali nao. Sakafu ilikuwa imelowa, nikasema, watu hawa ni wasafi, wameosha sasa hivi. Nikasimama katikati ya kivuli, mikono nyuma, kama kadhi. Baada ya dakika chache kengele ikalia juu yangu, na kutoka pembe zote za bwawa watoto wapatao thelathini wakaja mbio wakipiga kelele za furaha, mikono juu, nyuso zimeinuliwa. Nami, ambaye kwa siku mbili nilikuwa nimezoeshwa kupendwa, nikatabasamu, nikanyoosha mkono wa kuume, nikafungua kinywa niwaamkie.

Niruhusu, msomaji, niache hapo kinywa wazi nieleze habari za ndoo ile, maana jioni yake nilirudi nikakaa mbali nikaitazama ikimwaga mara tisa, na kama si hasira ningalimbusu aliyeibuni. Ndoo ya kisimani hushikwa mdomoni, kwa hiyo uzito wake wote uko chini ya mshikio, nayo hupanda wima bila kupoteza tone. Ile ya hotelini haikushikwa mdomoni. Imechomwa ubavuni kwa mhimili unaopita chini kidogo ya katikati yake. Ikiwa tupu, kitako chake kizito kiko chini ya mhimili, nayo hutulia kama mcha Mungu. Bomba huidondoshea maji taratibu, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo kiini cha uzito kinavyopanda pamoja nayo, kidole kwa kidole, mpaka kinapofika juu ya mhimili. Hapo ndoo ambayo dakika moja kabla usingeweza kuipindua kwa mikono miwili huanza kuyumba yenyewe, ikaitikisa kengele iliyofungwa nayo, ikapinduka kichwa chini, ikamwaga vyote kwa mkupuo, kisha kitako kizito kikairudisha mahali pake ianze upya. Hakuna saa, hakuna mtumishi wa kuivuta, hakuna umeme ila wa pampu. Nilikadiria lita elfu moja. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, ni sawa na magunia kumi ya mchele, yaliyoteremka juu ya kofia ambayo fundi wa Lamu aliitoboa kwa miezi minne.

Sikuanguka. Nilikaa, kwa haraka. Na melimeli ikilowa haimstiri mtu tena, hivyo umati ule ukaona dhahiri bukta niliyozawadiwa usiku uliopita na wajukuu zangu, ya manjano, yenye sura za bata. Watoto wakapiga makofi. Shaka yao ilikuwa imekwisha.

Mpwa wangu akafika na funguo mkononi. "Mjomba, mbona hukuniambia unataka kuogelea?"

Ijumaa ikanipita, nikaswali adhuhuri chumbani. Jumamosi mashine ya kuokea wafo ilinipigia kelele mbele ya foleni kwa kuwa sikuigeuza. Jumapili radi ilinguruma, tukafukuzwa bwawani nusu saa, nami peke yangu ndimi niliyefurahi.

Ila jambo moja sikulicheka. Katika hesabu ya mwisho, juu ya bei ya chumba na kodi, palikuwa na ada ya kila usiku, ambayo mapokezi waliniambia kwa upole kuwa ni ya bwawa, taulo na intaneti, uyatumie usiyatumie. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani imewalazimu wenye hoteli kuionyesha ada hiyo ndani ya bei wanayoitangaza, na mpwa wangu alikuwa ameiona akanyamaza. Lakini kuionyesha si kuionea haya, na chumba kisichoweza kukodiwa bila ada hiyo bei yake ni moja tu, wala hakuna haja ya kuivisha nguo mbili. Na katika kuwaza bei zinazovishwa nguo nilikumbuka kwamba kabla uwanja mkubwa kuliko vyote wa pale haujafunguliwa, tarehe 1 Oktoba 1971, ardhi yake ilinunuliwa kimya kimya kwa majina ya kampuni nyingine, wenye ardhi wakiuza kwa bei ya kinamasi na machungwa, mpaka siri ilipofichuka mwaka 1965. Habari ambayo mtu wa pwani yetu, aliyeona shamba la babu yake likiwa ufuko wa hoteli, hahitaji kufasiriwa.

Nililipa ada hiyo kwa usiku nne, ndoo ikiwa ndani yake. Nilipokuwa nimeinama kutia saini nikahisi kanzu ikivutwa: mtoto wa kike wa miaka kama mitano, na kitabu chake kimefunguliwa katika ukurasa ulio baada ya ule wa panya. Nikatia saini zote mbili kwa kalamu ile ile ya hoteli, na ya mtoto niliiandika kwa khati nzuri zaidi.