Heko, Boila ya Mafuta

Waungwana wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Leo naisifu boila iliyo nyuma ya jiko letu, huku mashambani Ireland Kaskazini, ambako zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa mafuta. Na mafuta yenyewe ni ya taa, jamaa wa yale ya kibatari, ila huku huletwa kwa lori na hununuliwa kwa wingi. Basi boila hutufunza kuweka akiba. Hutuamsha mapema pia, kwa mngurumo.

Lakini fadhila yake kuu ni kwamba imerudisha hodi. Watoto waliozaliwa Ulaya, wenye vipokea sauti masikioni tangu asubuhi, leo hawathubutu kugusa bomba la jikoni kabla ya kusimama chini ya ngazi na kuita, "Hodi huko juu! Nani anaoga?" Hujibiwa, "Mimi! Nina povu kichwani!" Basi sufuria husubiri. Tumeunda na baraza: kwanza wazee, kisha anayewahi zamu hospitalini, halafu wanafunzi. Shemeji alipokuja kututembelea, akafungua maji asuuze kijiko kimoja tu, ukelele uliotoka bafuni ulimfunza adabu ambayo mama mkwe alikuwa ameshaikatia tamaa. Ndoa inadumu, maana hakuna ugomvi unaostahimili maji ya Januari.

Siri ya boila hii ni tangi dogo la maji moto lililofichwa ndani. Ukifungua bomba, maji hutiririka kwa kishindo. Joto la tangi likiisha, kazi yote humwangukia kichomeo, naye hajui kuongeza wala kupunguza moto: huwaka wote au huzima. Cha kilowati 26 hupasha lita 10.6 kwa dakika, ikiwa maji yatapanda nyuzi 35. Januari maji ya bomba huweza kuingia yakiwa na nyuzi 5, kwa hiyo unapata 40, za mtu mmoja kuoga. Wa pili akifungua, mnagawana umaskini.

Haya yote boila haikuwahi kuyaficha. Kijitabu cha mauzo ndicho kilichoyaficha. Idadi ya lita imechapwa kubwa kama bango la uchaguzi, pembeni ina kinyota, na kinyota kinakupeleka chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani: "kwa ongezeko la nyuzi 30." Nyuzi 30! Kwa hesabu hiyo boila ileile inapata lita 12.4, na mimi napata maji ya nyuzi 35, ya kumwogeshea nani? Hakuna uongo hapo wa kumshtaki mtu, na hilo ndilo linalonichoma. Tulipolalamika, wakala wa nyumba alikuja na koti lake, akafungua bomba, akachovya kidole, akasema, "Mbona ya moto," akaondoka tangi likiwa halijaisha. Kodi ilipanda mwezi uliofuata.

Ukienda kukagua nyumba ya kupanga huku yenye boila kama hii, soma kilowati kwenye kibao cha boila, zidisha kwa 14.3, gawa kwa 35: hizo ndizo lita zako kwa dakika. Kisha fungua bafu na bomba la jikoni kwa pamoja, mzungumzishe wakala habari za mvua kwa dakika kumi, ndipo umwombe achovye kidole.