Cheti Chenye Tarehe ya Kuchacha

Katika Gikondo, eneo la Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali ambako viwanda vya bondeni vilihamishiwa Masoro ili kuinusuru ardhi oevu, kijana anayetaka kazi ya msaada wa kompyuta, yaani kumhudumia mtumishi ambaye mashine yake imegoma, hushauriwa aanze na A+, cheti cha awali cha CompTIA, taasisi ya Marekani. Hupatikana kwa mitihani miwili, kila mmoja wenye maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na tangu mwaka 2011 humaliza muda wake baada ya miaka mitatu kama maziwa ya pakiti, ilhali waliofuzu mapema zaidi waliachiwa chao maisha yote. Bila shaka kompyuta zao hazikubadilika. Akishakipata, huambiwa aongeze CCNA, cheti cha Cisco kuhusu mitandao, ambacho nacho huchacha kwa muda uleule, kisha (hapa ndipo utamu ulipo) huulizwa uzoefu wa miaka mitatu, bidhaa ambayo hakuna mtihani unaoiuza. Hatimaye huajiriwa, na mkurugenzi humwita kwa dharura mbele ya printa iliyokufa, naye hufuata hatua alizofundishwa, yaani kulitambua tatizo, kukisia chanzo na kulijaribu kisio lenyewe, mpaka anapouchomeka waya ukutani na kupewa hongera kwa utaalamu wa kimataifa.