Ukiamua Kuchubuka, Fuata Hatua Hizi

Mwongozo huu ni wa dada wa Katoro, kaka wa Kahama na shangazi wa Shinyanga mjini ambaye ameshatenga hela ya sura mpya. Hela ni yako na uso ni wako. Ninaomba kitu kimoja tu: uso huo uupe heshima tunayoipa dhahabu. Kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hakuna anayelipa kabla mzigo haujapimwa uzito na usafi. Kopo la krimu nalo lipimwe hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: angalia kama unaambiwa uvue pete

Soma maelekezo ya kopo, au mpe mtoto wa sekondari akusomee. Yakisema krimu isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu, umeshapata jibu bila kwenda maabara. Hiyo ni mojawapo ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani limezitaja za kutambua krimu yenye zebaki. Mchimbaji yeyote wa Nyarugusu au Rwamagasa anajua sababu: zebaki ikikutana na dhahabu inaishika. Ndiyo maana humwagwa kwenye beseni la mchanga uliosagwa karashani ili ikusanye chembe, kisha huchomwa ikapaa na kuiacha dhahabu. Mume anavuta mvuke wake machimboni, mke anaipaka shavuni nyumbani, na yote yanalipiwa na dhahabu ile ile. Rudisha kopo.

Lebo nyingine huiandika wazi: mercury, Hg au calomel. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haiishii kwenye ngozi. Hupenya mpaka kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi. Mtoto unayemkumbatia na taulo mnayochangia navyo hupata sehemu yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Kopo la gulioni halijapata habari hizo, kwa hiyo mpelekee wewe muuzaji.

Hatua ya pili: mwambie muuza mkorogo ataje kilichomo

Ataje kimoja kimoja, wewe ukihesabu kwa vidole. Akikujibu "dada, we paka tu," funga pochi. Mara nyingi ndani ya mkorogo kuna haidrokwinoni na klobetasoli. Ya kwanza, ikitumika kwa muda mrefu, inaweza kurudisha weusi wa kijivu-bluu kwenye mashavu yale yale uliyotaka yang'ae. Madaktari wa Afrika Kusini walilieleza tatizo hilo mwaka 1975, na kuliondoa ni kazi ngumu mno. Ya pili ni dawa halali, kali, ambayo daktari humpa mgonjwa wa ngozi kwa muda maalumu. Ukiipaka mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inajichora, na kidonda kinachelewa kupona. Mama anayetarajia kujifungua kwa upasuaji alifikirie hilo mapema. Vidole, viwiko na magoti hukataa kubadilika, na hapo watani watakuita Fanta usoni, Coca-Cola vidoleni.

Hatua ya tatu: jua daktari anachubua nini

Tiba ya kuchubua ngozi ipo, na ina kazi yake: mabaka, chunusi sugu, makovu madogo. Haikusudiwi kubadilisha rangi uliyozaliwa nayo. Daktari hupaka asidi ya glaikoliki au ya salisili kwa kipimo, kwa dakika chache, na tabaka la juu tu ndilo linalobanduka. Kwa ngozi nyeusi huanza na kipimo kidogo, kwa sababu ngozi yetu ikiunguzwa hujibu kwa kuacha mabaka meusi zaidi. Anayekuahidi kuchubua kwa kina kwa fenoli ndani ya saluni, mkimbie. Dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mweleze daktari kama una mimba, kama hutokwa na malengelenge mdomoni, au kama umetumia vidonge vikali vya chunusi karibuni.

Hatua ya nne: tarajia wiki moja ya kuwasha

Wakati wa kupakwa utahisi mchomo. Baadaye uso hukaza, na kwa siku kadhaa ngozi hutoka vipande vipande. Usibandue kwa kucha, usisugue kwa dodoki, na usipake mkorogo ili "kuharakisha". Mabadiliko huja taratibu baada ya awamu kadhaa, kwa kawaida zikipishana kwa wiki mbili hadi nne.

Hatua ya tano: ogopa jua la Shinyanga

Ngozi mpya haina ubavu wa kupambana na jua la saa sita. Vaa kofia pana na paka krimu ya kukinga jua. Krimu ya namna hiyo hutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao ni kinga ya saratani. Kama huwezi kukwepa jua shambani au kwenye mwalo, ahirisha tiba.

Hatua ya sita: kama umeshaanza, rudi salama

Krimu yenye zebaki iache leo, kisha ukapime mkojo na figo. Mkorogo wenye klobetasoli nenda nao kwa daktari, hospitali ya mkoa au hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa sababu ukiukatisha ghafla baada ya miezi mingi uso unaweza kuwaka na kuvimba. Usione haya. Daktari anahitaji kopo, hahitaji maelezo ya kwa nini ulilinunua.

Kisha kamilisha kazi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kila halmashauri ina bwana afya. Wapelekee jina la bidhaa na mahali inapouzwa, maana atakayelinunua kopo lile gulioni wiki ijayo ni binti wa jirani yako.